Photoshop haijui umeweka karatasi gani kwenye printa

Kila msimu wa kipaimara hapa Moshi nasikia sentensi ileile: "Lakini saizi nimeshaweka kwenye Photoshop!" Anayeisema ameshika karatasi ya picha ambayo juu pamebaki peupe na chini mtoto hana miguu. Analaumu printa. Wengine hufika wakiwa wameshanunua wino mpya, na wino hauhusiki hata kidogo. Swali lao ni moja: kwa nini picha inakatwa ilhali saizi imewekwa? Nimelijibu kaunta, kwa simu na kwa WhatsApp, na sasa naliandika jibu mahali pamoja.

Ulichoweka kwenye Photoshop ni ukubwa wa picha. Ukubwa wa karatasi unaamuliwa na draiva ya printa, yaani programu ndogo inayoiendesha printa kutoka kwenye kompyuta, na hivi viwili havisemezani mpaka wewe uvisemezanishe. Fundi cherehani anaweza kuchora gauni la namna yoyote. Upana wa kitambaa kilichopo mezani haubadiliki kwa kuchora.

Tazama hesabu yenyewe. Umetengeneza faili ya inchi 5 kwa 7, yaani milimita 127 kwa 178. Draiva imebaki kwenye A4, milimita 210 kwa 297. Photoshop ikiwa imeachwa iweke picha katikati, itaiweka katikati ya A4 ambayo haipo: itaruka karibu milimita 60 kutoka juu, ndipo ianze kuchapa. Karatasi uliyoingiza ina urefu wa 178 tu. Miguu ya mtoto ilitakiwa ichapwe mahali ambapo karatasi imeshakwisha.

Basi saizi itengenezwe kwenye draiva. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya printa, ingia "Print Server Properties", sehemu ya "Forms", weka tiki ya kutengeneza fomu mpya, yaani saizi mpya ya karatasi, ipe jina, andika upana na urefu, hifadhi. Lazima uwe na ruhusa za msimamizi wa kompyuta. Draiva nyingi za printa za picha zina njia fupi zaidi: shuka mpaka mwisho wa orodha ya saizi za karatasi, utaona mahali pa kujiwekea saizi yako. Kwenye Mac ni "Manage Custom Sizes", chini ya orodha hiyohiyo. Kisha rudi Photoshop, fungua dirisha la kuprinti na uanze na "Print Settings" kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Chagua saizi yako hapo. GIMP, programu nyingine ya kuhariri picha, nayo ina sehemu mbili tofauti, moja ya ukubwa wa picha inapochapwa na nyingine ya ukurasa. Ile ya kwanza haichagui karatasi.

Sasa jambo linalonikera kuliko yote: upana.

Upana unaoandikwa kwenye draiva si upana wa picha yako. Ni ule upande wa karatasi unaoingia kwenye rola, ule unaobanwa na vile vishikizo viwili vya trei. Chukua mtu aliyeamka alfajiri kabla mawingu hayajaufunika mlima Kilimanjaro, akaupiga picha wote kutoka upande wa huku kwetu, Kibo kushoto na Mawenzi kulia. Anataka ukanda wa milimita 210 kwa 594, sawa na A4 mbili zilizounganishwa kwa urefu. Karatasi ameshaikata kutoka kwenye karatasi ndefu ya kuviringishwa, vizuri kabisa. Anafungua draiva na kuandika upana 594, urefu 210, kwa sababu machoni pake picha imelala. Printa ya A4 haina mdomo wa milimita 594. Fomu aliyoitengeneza haionekani kwenye orodha, naye anaamua kuendelea na A4. Photoshop inamtahadharisha kwamba sehemu ya picha itakatwa, anabofya kuendelea. Kinachotoka ni nusu ya katikati: ule uwanda ulio kati ya vilele viwili. Kibo kimeliwa kushoto, Mawenzi imeliwa kulia. Mlima mzima umepotea kwa sababu ya tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi!

Sahihi ni upana 210, urefu 594. Kulala kwa picha ni mpangilio mwingine, una kitufe chake kwenye dirisha la kuprinti. Na tafadhali, usiizungushe picha mwenyewe halafu ukachagua pia ukurasa wa kulala. Umeizungusha mara mbili, na utarudi kuniambia printa ina wazimu.

Kuna na kile kitiki cha "Scale to Fit Media". Kinapendwa kwa sababu kinanyamazisha onyo. Kinapunguza au kukuza picha ili ienee kwenye karatasi ambayo draiva inaidhania, kwa hiyo kama draiva imekosea, nacho kinakosea. Angalia asilimia iliyoandikwa pale: kama faili umeitengeneza kwa ukubwa unaoutaka, isome 100.

Kuhusu DPI, yaani idadi ya nukta kwa kila inchi, nitapita haraka. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ukiigawa kwa 300 inakupa inchi 20 kwa 13 na kidogo. Ukibadilisha namba hiyo bila kuongeza wala kupunguza pikseli, umebadilisha ukubwa wa kuchapa tu. Karatasi bado haijaguswa.

Na hakuna saizi ya kujitengenezea itakayofuta uwiano. Kamera nyingi zimerithi fremu ya filamu, milimita 36 kwa 24, yaani 3 kwa 2. Hiyo inakaa kwenye inchi 4 kwa 6 bila kupoteza kitu. Kwenye 8 kwa 10 haikai: ili ijaze inchi 8 inahitaji 12, kwa hiyo mbili zinakwenda, na katika picha ya ukoo hizo mbili ndizo walizosimama mashangazi wa pembeni. A4 nayo imetoka kwenye viwango vya karatasi za ofisini vya Ujerumani vya 1922, haikutengenezwa kwa kufikiria picha. Ama ukate, ama uache ukingo mweupe. Mwambie mteja mapema.

Kwenye kuchapa bila ukingo, maelekezo ya printa yana uhakika kuliko mimi. Draiva nyingi huruhusu hilo kwa saizi zake zenye majina tu. Ukiweka yako, ukingo unarudi. Mac inakukubalia uandike ukingo sifuri, lakini printa hailazimiki kutii. Hata inapotii, huikuza picha kidogo ipite kingo za karatasi, na milimita kadhaa za pembeni zinapotea. Ndiyo maana bado nasita kuwashauri watu wote watengeneze saizi zao. Kadi nane ndogo mimi huzipanga kwenye A4 moja na kuzikata kwa kisu na rula ya chuma. Lakini bahasha, kadi nene zilizokwisha kukatwa na ukanda kama ule wa mlima havina njia nyingine.

Ukikata karatasi kwa mkono, ipime baada ya kukata na uandike kile rula inachosema, si kile ulichokusudia. Kabla ya kupoteza karatasi ya picha, kata ya kawaida kwa vipimo vilevile, chora mstari mwembamba kuzunguka kingo za picha, chapa. Mstari ukipungua upande mmoja, rudi kwenye draiva na uiache picha kama ilivyo. Ukikaa sawa pande zote nne, hifadhi mpangilio huo kwenye draiva kwa jina lenye vipimo vyake, maana wiki ijayo utakuta imesharudi A4.