"Mbona huna kitu?" Dhana potofu kuhusu dismofia ya mwili

Kila mtaa hapa mjini Unguja una mtu wa namna hii, na kila mtaa umeshampa sababu yake: anaringa, ana husda za watu, kaharibiwa na simu, imani yake haba. Mara nyingi ni kijana, na ukimtazama huoni baya lolote. Yeye lakini anaapa kwamba pua yake imepinda, au ngozi ina mabaka, au nywele zinamtoka, na jambo hilo linamla siku nzima.

Hiyo ni dismofia ya mwili. Ni ugonjwa wa akili unaomshughulisha mtu kupita kiasi na kasoro ambayo wenzake hawaioni, au wakiiona ni ndogo isiyo na habari. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliuweka katika kundi moja na ugonjwa wa waswasi, ule wa mtu anayerudia udhu mara kwa mara kwa kuhisi haujasihi. Tafiti za Marekani na Ujerumani zimeukuta kwa karibu watu 2 katika kila 100, na wengi wao ulianza kabla hawajafika miaka 18. Umri unaotajwa sana ni miaka 12 na 13.

"Maringo tu hayo, anajipenda"

Mwenye maringo hujitazama akafurahi. Huyu hujitazama akaumia, na bado anarudi. Kioo cha kabati, kioo cha vespa iliyoegeshwa uchochoroni, kioo cha duka, hata simu iliyozimwa: vyote anavikagua akipita. Wengine hufanya kinyume, wakavifunika vioo vya chumbani kwa kanga wasijione kabisa, na wapo wanaobadilika kutoka hali moja hadi nyingine. Saa 3 hadi 8 kwa siku zinaweza kupotea hivyo, kwa kuwaza, kujikagua na kujificha.

Mtazame kituoni, kwenye zile daladala za shamba zenye mabenchi ya kutazamana. Ataacha moja ipite, ya pili ipite, mpaka apate nafasi ya pembeni kabisa ambapo ule upande wa uso anaouchukia utaelekea nje. Akichelewa kazini hasemi sababu, kwa kuwa anaona aibu. Aibu hiyo ndiyo inayofanya ugonjwa huu ukae miaka mingi bila kutajwa.

Wala hasemi uongo. Uchunguzi wa picha za ubongo uliofanywa Marekani umeonyesha kuwa wenye ugonjwa huu wakitazama sura huwa wanashika kijisehemu kimojakimoja, na ule uso mzima unawaponyoka. Wewe unaona uso, yeye anaona tundu moja la pua.

"Wanawake wetu wanajisitiri, hayo hayawahusu"

Hili nimelisikia kwa watu wazima wenye heshima zao, na nadhani linawaumiza wasichana wengi. Anayevaa nikabu kwa ajili ya dini yake hana ugonjwa wowote, na asitokee mtu akaligeuza vazi la watu kuwa dalili. Lakini nenda ukumbini siku ya harusi. Wanawake watupu, milango imefungwa, mabaibui yamevuliwa, watu wamependeza na hina zao na asumini kichwani. Katika kona yuko mmoja amebaki na mtandio kaushikilia mdomoni tangu aingie, hali chakula, na kamera ikija upande wake ananyanyuka kwenda msalani. Stara hapo haihitajiki, hakuna mwanamume. Kuna jambo jengine.

Na wanaume nao wamo, karibu sawa na wanawake. Kwao hujificha vizuri zaidi kwa sababu hakuna anayewafikiria. Kijana anayerudi kwa kinyozi kila baada ya siku mbili kulalamikia mstari wa nywele. Au yule mwenye kifua kama mlango anayevaa fulana mbili chini ya shati la mikono mirefu katika joto la kaskazi, kwa kuwa anajiona kimbaumbau. Aina hiyo ya kujiona mdogo wa mwili huwapata hasa wanaume, na huwasukuma baadhi yao kwenye sindano na vidonge vya kujaza misuli, ambavyo huharibu moyo na ini.

"Mwambie ni mzuri, atatulia"

Katika dhana zote, hii ndiyo inayosemwa kwa mapenzi, na kwa maoni yangu ndiyo inayorefusha mateso kuliko nyingine.

Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Mama, hebu nitazame hapa. Hapa kwenye shavu. Pamekaaje?"

"Mashallah, mwanangu, mbona huna kitu?"

"Hujatazama vizuri. Sogea kwenye taa."

Mama anasogea kwenye taa. Anasema tena mashallah, anamsomea ile aya ya Surat At-Tin kwamba mwanadamu ameumbwa kwa umbo lililo bora kabisa. Binti anatulia robo saa. Kisha anamwendea dada yake, kisha shoga yake kwa ujumbe wa sauti, kisha anarudi kwa mama. Usiku anaanza kufikiri: kwa nini mama alinyamaza kidogo kabla ya kujibu?

Mama hakukosea kumpenda mwanawe, na aya haina kosa. Tatizo ni kwamba kuuliza kwenyewe ni sehemu ya ugonjwa, sawasawa na kukagua kioo. Kila jibu linampa nafuu fupi, na nafuu hiyo inamfundisha ubongo kwamba dawa ya hofu ni kuuliza tena. Kesho atahitaji majibu mengi zaidi. Kumkaripia nako hakufai: "Acha upuuzi, kuna watu hawana miguu!" Atanyamaza, kweli, lakini ataendelea peke yake huku amefunga mlango.

Wataalamu huwashauri watu wa nyumbani wayajibu mateso, waliache suala la shavu. "Naona leo umeshikwa sana. Suala hilo nimeshalijibu na silirudii, kwa sababu linakuzidishia. Njoo tukae huku." Ni vigumu kumwambia mtoto hivyo, hasa mara za mwanzo anapolia. Inafaa mkubaliane naye siku ambayo ametulia, na nyumba nzima ishike msimamo mmoja. Bibi akiendelea kujibu kwa siri, kazi yote imekwenda bure.

Na utani nao. Sisi ni watu wa majina: Mapua, Kichwa, Mpingo. Jina peke yake halimtii mtu ugonjwa, lakini wagonjwa wengi hueleza kuwa walidhihakiwa wakiwa wadogo. Mtoto anayecheka pamoja nanyi barazani huenda akaenda kulikagua jina lake kwenye kioo.

"Apate krimu nzuri tu, au akafanyiwe upasuaji"

Singo ya biharusi na liwa sizisemi, hizo ni pambo letu. Nazungumzia mkorogo na makopo yanayouzwa kwa kunong'onezana. Krimu zenye zebaki zimepigwa marufuku nchini kwa kuwa zebaki hupenya mwilini na kudhuru figo. Zenye steroidi kali, zikipakwa kwa muda mrefu, huifanya ngozi iwe nyembamba, zikaleta michirizi na chunusi. Basi aliyeanza na mabaka asiyoyaona mwingine anaishia na mabaka yanayoonekana na kila mtu.

Upasuaji nao kwa kawaida hauuondoi ugonjwa huu. Akitengenezwa pua, atalalamika kwamba imetengenezwa vibaya, au wasiwasi utahamia kidevuni. Hii ni tofauti na mtu aliyeungua kwa mafuta, au mwenye mbalanga, anayetaka kutibiwa kitu ambacho kila mtu anakiona. Huyo ana haki yake na tiba yake.

Kuhusu simu, jibu ni fupi. Daktari wa Italia, Enrico Morselli, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1891. Picha za kulainishwa uso zinauchochea, lakini kumnyang'anya mtoto simu si matibabu.

Na wanaosema ni jini? Anayetaka kusomewa asomewe, ilimradi hospitali isingojee kisomo kiishe. Mtume ametuamrisha tujitibu, na sijamwona sheikh anayeheshimika akilipinga hilo.

"Ndivyo alivyo, hatabadilika"

Hubadilika. Tiba ya mwanzo ni ya mazungumzo pamoja na mazoezi. Mgonjwa na mtaalamu hupanga mambo anayoyakwepa, kutoka jepesi hadi zito. Yule wa mtandio anaweza kuanza kwa kukaa na shangazi zake uso wazi, kisha aende sokoni Darajani mchana na kuhesabu mwenyewe ni wangapi waliomkodolea macho. Kioo hakatazwi. Anafundishwa kusimama mbali kidogo, ajitazame mwili mzima, ajifunge ushungi, aondoke.

Ya pili ni dawa za kundi la fluoksetini, ambazo hutumika pia kwa sonona na waswasi. Hazimfanyi mtu zezeta. Huchukua wiki 12 hadi 16 kupimwa kama zimefaa, na wengi huziacha wiki ya tatu wakidhani zimeshindwa. Asiziache ghafla bila daktari.

Unguja, hospitali ya magonjwa ya akili ni Kidongo Chekundu. Najua jina hilo linavyotajwa kwa kejeli barazani, na najua mama atauliza watu watasema nini. Anayeona uzito aanzie hospitali ya Mnazi Mmoja. Aliye Pemba aanzie hospitali ya Chake, Wete au Mkoani na aombe kupelekwa kwa mtaalamu wa akili. Lakini mgonjwa akianza kusema maisha hayana maana au afadhali afe, usisubiri miadi. Usimwache peke yake, mpeleke siku hiyohiyo, maana mawazo ya kujiua ni mengi sana katika ugonjwa huu.

Ukifika mbele ya daktari usiseme "nina mawazo" ukanyamaza, kwa sababu utapewa dawa ya usingizi urudi nyumbani. Taja kiungo chenyewe. Sema ni saa ngapi kwa siku, ulianza ukiwa darasa la ngapi, na ni harusi zipi, masomo yapi na kazi zipi umeziacha kwa ajili yake.