Je, Facebook inatufungia na wenzetu tu?

Imezoeleka kusemwa kwamba Facebook humfungia mtu na wanaofikiri kama yeye, asisikie la upande wa pili, na ndiyo maana Wamarekani wamegawanyika vile. Vipimo vinasema vingine.

Wakati wa uchaguzi wa Marekani wa 2020, watafiti wa vyuo vikuu wakishirikiana na Meta, kampuni inayomiliki Facebook, waliwachukua watumiaji zaidi ya 23,000 waliokubali, wakawapunguzia kwa takriban theluthi moja machapisho ya watu wa mrengo wao. Miezi mitatu. Lugha ya matusi ilipungua kwenye kurasa zao, lakini chuki kwa chama pinzani haikusogea. Tena, kwa mtumiaji wa kawaida, nusu tu ya alichokiona ilitoka kwa wa mrengo wake. Asilimia 15 hivi ilitoka kwa wapinzani.

Basi tumwoneshe zaidi hoja za wapinzani? Hilo nalo lilijaribiwa Twitter. Warepublican, wafuasi wa chama cha kihafidhina, waliolipwa kufuata akaunti ya kiliberali, yaani ya mrengo pinzani, kwa mwezi mmoja walizidi kuwa wahafidhina. Si ajabu: akaunti ilisambaza maneno ya wanasiasa na wachambuzi, watu wanaoishi kwa kuchuana.

Mitandao haina usafi wa malaika. Waliolipwa kufunga Facebook wiki nne kabla ya uchaguzi wa 2018 walilegeza misimamo kidogo, ila pia wakapitwa na habari. Lakini kati ya 1996 na 2016, mgawanyiko ulikua zaidi kwa wazee, watumiaji wachache kabisa wa intaneti.