Uwiano wa Moja kwa Moja katika Vipimo vya Mapishi

Viasi viwili huwa na uwiano wa moja kwa moja iwapo kimoja kikizidishwa kwa namba fulani, na cha pili hulazimika kuzidishwa kwa namba hiyohiyo. Kihisabati uhusiano huo huandikwa y = kx, ambapo x na y ni viasi vinavyobadilika na k ni namba thabiti inayopatikana kwa kugawanya y kwa x. Mpishi anayeongeza au kupunguza vipimo vya chakula anautumia mlinganyo huu hata kama hajawahi kuuandika, na akiuandika ataona pia ni wapi unafaa na ni wapi haufai.

Tuchukue mahamri ya unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 100, tui mililita 250 na hamira gramu 5. Unga ndio x, kwa kuwa ndio kiasi tunachokichagua wenyewe, na kila kiungo kingine kina k yake. Ya sukari ni 100 ÷ 500, yaani 0.2, ya tui ni 0.5 na ya hamira ni 0.01. Wageni wakiongezeka na unga ukafika gramu 1,750, sukari itakuwa 0.2 × 1,750, ambayo ni gramu 350, tui mililita 875 na hamira gramu 17.5. Waokaji wa mikate hufanya jambo hilihili wanapoandika unga kuwa asilimia 100 na viungo vingine vyote kuwa asilimia ya unga: sukari 20, hamira 1. Asilimia hizo ni k zilizozidishwa kwa 100, na ndiyo maana karatasi moja ya vipimo humtosha mwokaji wa kilo 2 na wa kilo 50.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kujumlisha mahali pa kuzidisha. Mtu akitoka gramu 500 za unga kwenda 700 husema ameongeza 200, kisha akaongeza na sukari gramu 200, akapata mahamri matamu kupita kiasi, ilhali alihitaji gramu 40 tu. Njia rahisi ya kujikagua ni kujiuliza: unga ukiwa sifuri, kiungo hiki nacho kitakuwa sifuri? Jibu likiwa ndiyo, mstari wa grafu unapita kwenye sifuri na y = kx inaweza kufaa; likiwa hapana, mlinganyo huo umekwisha kukataliwa.

Vizio navyo vina neno lake. Anayepima mchele na maji kwa kikombe kimoja hana haja ya kujua ujazo wa kikombe hicho, kwani k itabaki ileile hata akitumia kibaba au pishi (pishi moja ni vibaba vinne). Lakini unga ukipimwa kwa kilo na sukari kwa vijiko, k inakuwa ni vijiko kwa kilo, na kijiko kikibadilishwa hesabu yote inabadilika.

Mahali ambapo mlinganyo huu huwaponza wengi ni kwenye maji ya wali. Kanuni ya vikombe viwili vya maji kwa kikombe kimoja cha mchele ni nzuri kwa sufuria ndogo, ila mchele ukifika vikombe 10 na mtu akamimina maji vikombe 20, atapakua bokoboko. Sababu ni kwamba maji hayo yana sehemu mbili. Sehemu moja hufyonzwa na mchele, nayo hufuata uwiano wa moja kwa moja. Sehemu ya pili hupotea kwa mvuke, nayo hutegemea upana wa sufuria, mfuniko na muda wa kupika zaidi kuliko wingi wa mchele. Tuchukulie kwamba kila kikombe cha mchele hufyonza kikombe 1.25 na mvuke huondoka na 0.75. Mlinganyo unakuwa y = 1.25x + 0.75. Kwa kikombe kimoja cha mchele tunapata vikombe 2 kamili, lakini kwa vikombe 10 tunapata 13.25, na hata tukiongeza kidogo kwa sababu ya sufuria pana, bado 20 ni mbali. Wapishi wanaopima kwa kidole, maji yakisimama juu ya mchele kwa pingili moja, wanaupata mlinganyo huu bila kalamu: maji yaliyojaa katikati ya punje huongezeka pamoja na mchele, na yale ya juu yake ni kiasi kilekile maadamu sufuria ni ileile.

Mafuta ya kukaangia yana tabia hiyohiyo. Karai linahitaji kina fulani, yawe mahamri 20 au 70, na kinachoongezeka ni yale machache yanayonywewa na unga.

Keki ina mtego mwingine. Anayetoka kwenye chombo cha duara chenye kipenyo cha sentimita 20 kwenda cha sentimita 30 hushawishika kuzidisha kila kitu kwa 1.5, kisha akashangaa keki imekuwa nyembamba. Eneo la duara halina uwiano wa moja kwa moja na kipenyo chenyewe, bali na kipeo cha pili cha kipenyo, kwa hiyo kizidishio, ikiwa unene unabaki uleule, ni 1.5 × 1.5, yaani 2.25. Mayai 4 yanakuwa 9. Muda wa kuoka, kwa upande wake, hauzidishwi kwa 2.25, kwa kuwa joto bado lina unene uleule wa kupenya; huongezeka kidogo tu, na kijiti kikichomwa katikati kikatoka kikavu, keki imeiva.