Kampuni imeuzwa, je, mwajiri wako amebadilika?

Mwezi wa sita, Mafinga ukungu hauinuki mpaka saa nne asubuhi. Nilimkuta mama mmoja ameketi kwenye ngazi za ofisi, kajitanda khanga juu ya sweta, bahasha ya kaki mapajani.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Ingia ndani, baridi hii itakuumiza."

Bahasha ilikuwa na salari slipu zilizolegea kwa unyevunyevu na barua mbili. Amechuma chai miaka 22. "Shamba limeuzwa," akasema, "mimi sijahama hata kitalu. Sasa karatasi yao inasema nimeanza kazi mwaka huu."

Nafanya kazi ya ushauri wa mahusiano kazini. Zamani nilikaa upande wa chama cha wafanyakazi, siku hizi hata waajiri wananiita, na kila kampuni ya nje inapouza shamba au kiwanda huku kwetu, swali la yule mama linarudi. Jibu lake linategemea jambo ambalo mchumaji haambiwi: kilichouzwa ni nini hasa?

Chukulia tajiri mwenye kampuni ya mabasi ya Mbeya–Iringa. Akiuza hisa zake zote, kampuni ni ileile, na madeni yake, leseni zake na madereva wake. Aliyebadilika ni mwenye hisa tu. Lakini akiuza basi lenyewe, dereva haendi nalo. Dereva si kiti.

Mwaka 1984 Unilever iliinunua Brooke Bond, kampuni ya chai yenye mashamba ya Mufindi, kwa njia ya hisa, huko Uingereza. Mwaka 2022 Unilever nayo ikauza biashara yake ya chai kwa wawekezaji wa CVC Capital Partners, kwa euro bilioni 4.5, na hapo pia kilichobadilika mkono ni kampuni nzima. Katika mauzo ya namna hiyo, kampuni iliyosajiliwa hapa nchini inaendelea kuwa mwajiri yuleyule. Kwa hiyo wafanyakazi wanaogoma wakisema "kampuni imeuzwa, tulipwe kwanza kiinua mgongo" huwa hawana hoja kisheria, hata kama naelewa hofu yao.

Shamba la yule mama halikuuzwa hivyo. Mnunuzi alichukua ardhi, mashine na kiwanda. Barua ya kwanza, ya mwajiri wa zamani, ilisema ajira yake "inahamishwa" na masharti yote yatabaki kama yalivyo. Kiswahili chake kilikuwa cha ajabu kidogo, na nikajua papo hapo imetafsiriwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zina utaratibu, chini ya Maelekezo ya mwaka 2001, kwamba biashara ikihamia kwa mtu mwingine, wafanyakazi wanahamia nayo pamoja na miaka yao ya kazi. Uingereza nayo ina kanuni kama hizo tangu 1981; za sasa ni za 2006. Mwanasheria wa makao makuu amekulia ndani ya utaratibu huo, hivyo anaandika barua akidhani na sisi tunao. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haina kifungu hicho. Sidhani kama ni hila kila mara. Mara nyingi ni mtu aliye mbali, hajauliza.

Kwetu, mali zikiuzwa na mwajiri akafunga shughuli, huko ni kupunguza wafanyakazi. Kifungu cha 38 kinamtaka atoe taarifa, aonyeshe sababu, akae na chama au na wafanyakazi wenyewe kabla uamuzi haujafungwa. Kisha alipe notisi, likizo zilizobaki, na kiinua mgongo cha kifungu cha 42: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10.

Hiyo miaka 10 watu wengi wanairuka. Kwa kima cha chini cha kilimo kilichotumika kuanzia Januari 2023 mpaka mwisho wa 2025, yaani shilingi 140,000 kwa mwezi, gawa kwa 26 kupata siku, zidisha kwa 70 (siku 7 mara miaka 10): takriban 377,000. Miaka 22 shambani, laki tatu na ushee. Miaka 12 ya mwisho haikuongeza hata shilingi, labda mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, uwe na kiwango kizuri zaidi. Kwa hiyo kwa mtu kama yeye, kulipwa na kuanza upya si hasara; anaanza kuhesabu tena. Anayeumia ni anayeanza upya bila kulipwa, awe mama huyu au kijana mwenye miaka mitatu kazini: anapoteza miaka yake, na kwa miezi sita ya mwanzo hana hata kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki.

Mkataba wa hali bora ndio ninaoutazama kwanza siku hizi. Kampuni nyingi kubwa za nje hulipa juu ya kima cha chini kwa sababu ya mkataba huo. Kima cha chini chenyewe kilikaa 100,000 tangu 2013 mpaka mwisho wa 2022. Katika mauzo ya hisa mkataba unaendelea, ila upande wowote unaweza kuuvunja kwa notisi ya kutosha, kama wenyewe haujasema vinginevyo. Katika mauzo ya mali, mnunuzi hakuusaini.

Barua ya pili ya mama ilikuwa mkataba mpya, umesainiwa kwa dole gumba. Barua ya kwanza haimfungi mnunuzi, na mwajiri wa zamani hakumlipa kitu. Barua hiyo ya kwanza ilikuwa na miezi mitano. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yanakopelekwa madai ya kazi, inatoa siku 30 kwa madai ya kuachishwa, 60 kwa mengine.

"Kwa hiyo nimechelewa?"

"Umechelewa, mama. Lakini mlango upo."

Tukajaza fomu namba 1 ya madai, halafu namba 2 ya kuomba kupokelewa nje ya muda. Kwenye nafasi ya sababu nikamuuliza kwa nini hakuja mapema. Akafikiri kidogo, akasema mnyapara aliwaambia barua ile ni ya kutunza, si ya kupeleka popote. Nikaandika hivyohivyo.