Mashine ya betri ya kuchimbia mashimo ya fensi: maneno ya mtaani na ukweli wenyewe

Kama una kiwanja Chanika, Kigamboni, Bunju au huko Mbagala ndani ndani na unataka kuweka nguzo na waya kabla wavamizi hawajakutembelea, lazima utakutana na mtu atakwambia achana na vibarua, siku hizi kuna mashine ya betri inachimba shimo dakika moja. Pembeni yake atakuwepo mwingine anasema hicho ni kidude cha wazungu cha kupandia maua. Wote wawili wana ukweli nusu nusu, na kwa kuwa mimi nashinda kwenye hizi kazi za fensi naona bora tuyapitie haya maneno maana watu wanapoteza hela kwa kusikiliza upande mmoja.

"Inachimba popote, wewe shika tu"

Hili ndo kubwa kuliko yote. Hizi mashine zimetengenezwa kwa ajili ya udongo, na udongo wa Dar siyo wa aina moja. Ukiwa kwenye kichanga cha Kigamboni au Mbagala biti, yaani ule mtaimbo wa kujizungusha wenye mbawa unaochimba, inazama haraka mpaka unafurahi, halafu unaivuta juu na kingo zote zinaporomoka ndani, unabaki unaangalia kidimbwi cha mchanga. Kichanga kikavu hakisimami, hata uchimbe na mashine ya bei gani. Dawa yake maji, unamwagia pale jioni ya kuamkia siku ya kazi, ule unyevu ndo unashikilia kingo, na nguzo iwe tayari pembeni uingize hapo hapo siyo uchimbe mashimo yote ndo uanze kutafuta nguzo. Ila kuna sehemu za pwani maji ya chini yako karibu sana, ukiyafikia shimo linajaa tope tu na hapo msimlaumu mtu.

Ukipanda kuelekea Pugu unaanza kukutana na mfinyanzi, na mfinyanzi una tabia nyingine kabisa. Unaganda kwenye mbawa za biti, ukijifanya una haraka ukashuka sentimita 60 kwa mkupuo mmoja biti inabanwa huko chini, haiendi mbele wala hairudi, ndo unawaona watu watatu wanaivuta mashine kama wanang'oa muhogo. Unatakiwa ushuke sentimita 15 mpaka 20, upandishe biti ikiwa bado inazunguka udongo utoke, urudi tena. Ikinasa, weka rivasi uitoe taratibu, kama mashine yako haina rivasi basi kabla hujainunua ulitakiwa kuuliza. Afu kuna jambo watu hawaliangalii, kwenye mfinyanzi biti inazungusha kuta za shimo mpaka zinakuwa laini zinang'aa, na zege haling'ang'anii vizuri kwenye ukuta wa hivyo, kwa hiyo chukua panga au ncha ya mtalimbo ukwaruze kwaruze kabla ya kumwaga.

Jiwe la matumbawe la ukanda wa Msasani na Oysterbay, hapo sahau. Ile biti siyo ya mwamba, ukilazimisha unamaliza meno yake na unaunguza mota. Huko ni mtalimbo, sururu, au drili kubwa ya kuvunjia zege. Na viwanja vilivyojazwa kifusi ndo vinachosha kuliko hata jiwe, maana jiwe unalijua ni jiwe, kifusi kina vipande vya tofali, nondo, na viroba ambavyo vinajiviringisha kwenye biti kila baada ya dakika mbili unachomoa betri unaanza kukata plastiki.

Naomba hilo la kuchomoa betri mlishike. Huweki mkono kwenye biti, huing'oi mizizi, hubadilishi biti, kama betri bado ipo kwenye mashine. Triga inaguswa kwa bahati mbaya tu.

"Ya betri haina nguvu, mashine ni ya mafuta"

Inategemea unataka kufanya nini. Ukiwa na eneo la heka kadhaa huko Mkuranga na unataka mashimo mapana ya sentimita 30, ndiyo, tafuta ya mafuta tena ya kushikwa na watu wawili, au ile inayofungwa kwenye trekta. Lakini kwa kiwanja cha kawaida na nguzo za bomba au chuma cha engo, biti ya sentimita 15 mpaka 20 inatosha na ya betri yenye volti 36 inalimudu hilo kwenye udongo wa kawaida. Ya mafuta ina mambo yake, kuchanganya petroli na oili kwa kipimo, kuvuta kamba mpaka bega linauma, ikikaa miezi bila kazi kabureta inaziba, na makelele ambayo Jumapili asubuhi majirani hawatakuelewa.

Ambapo ya betri inashindwa kweli ni joto. Mota inavuta umeme mwingi kwenye udongo mgumu, betri inachemka, na ikichemka inajizima yenyewe kujilinda. Mtu anadhani imekufa. Haijafa, ipeleke kivulini ipoe, na usiichomeke kwenye chaja ikiwa ya moto, chaja nyingi zinaikataa mpaka ipoe na wewe unabaki unalalamika chaja mbovu. Kwa jua letu la mwezi wa kwanza na wa pili kazi inaanza asubuhi mapema, saa sita unapumzika, na betri ziwe mbili angalau, moja kazini na moja inachaji. Kuziacha kwenye gari lililofungwa vioo juani ni kuziua taratibu.

Halafu hili la volti. Dukani utaambiwa "chukua hii ya 20, ile ni 18 tu". Mara nyingi ni kitu kilekile. Ndani ya betri hiyo kuna seli zimepangwa tano tano, kila moja ina volti 3.6 kwa wastani, piga mara 5 unapata 18. Ikiwa imejaa kabisa bila mzigo kila seli inapanda kwenye 4 na kitu, ndo hiyo 20 wanayoiandika kwa herufi kubwa. Vivyo hivyo 40 na 36. Cha kuangalia ni volti mara ampea-saa, hapo unapata wati-saa, yaani kiasi cha umeme uliobeba. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5 ina wati-saa 90, mashine inayotumia mbili kwa pamoja ina 180. Hiyo namba ndo inakwambia nani atachoka mapema.

"Hii ya betri haipigi"

Inapiga, yaani biti ikinasa mashine inakurusha, tena inaweza kupiga kwa ghafla kuliko ya mafuta. Ya mafuta ina klachi inayoshika kadiri injini inavyozunguka kwa kasi, kuna kuteleza kidogo mle ndani. Mota ya umeme inatoa nguvu yake kubwa hata ikiwa inazunguka polepole, kwa hiyo biti ikigonga mzizi wa mwembe au nondo kwenye kifusi, biti inasimama na mashine ndo inataka kuzunguka, na aliyeishika mashine ni wewe. Mikono, viwiko, mbavu, vyote viko njiani. Mashine nzuri zina kinga inayokata umeme zikihisi hivyo, ila usiitegemee hiyo peke yake. Miguu panua, mikono miwili muda wote, anza na spidi ndogo, na usilaze kifua juu ya mashine ili ishuke haraka. Buti, siyo ndala. Kanzu, kitenge, shati refu linalopepea, hapana. Na watoto wa jirani waliokuja kushangaa wakae mbali, kwa upole lakini wakae mbali.

Hapohapo niwaambie wale wa "mbona biti naweza kuifunga kwenye drili yangu ya kawaida". Kibiti kidogo cha sentimita 5 kwenye udongo laini wa bustani, sawa. Biti ya sentimita 15 kwenye drili ya kushika mkono mmoja, hiyo ni kuutafutia mkono fundi wa mifupa.

"Chimba futi nne, wenzetu ndo wanavyochimba"

Hii inatoka kwenye video za Marekani. Jamaa anaona mtu kule Minnesota anachimba futi nne na zaidi anadhani huo ndo ubora. Kule wana sababu yao, ardhi inaganda barafu wakati wa baridi, udongo ukiganda unavimba na kuinua nguzo juu, kwa hiyo wanashuka mpaka chini ya pale barafu inapofika, na sheria zao za ujenzi kwenye jimbo hilo zinataka misingi ishuke inchi 42 upande wa kusini na inchi 60 upande wa kaskazini. Mbagala haijawahi kuganda na haina mpango huo.

Kwetu kinachoisumbua nguzo ni upepo, waya unaovutwa, na udongo kulainika wakati wa masika. Nguzo ya mita 2.4, ukizika sentimita 60 unabaki na mita 1.8 juu, kwa nguzo za katikati inatosha kwenye udongo uliokaa vizuri. Kwenye kichanga ongeza kidogo. Nguzo za kona na za geti ni habari nyingine, hizo ndo zinabeba mvuto wote wa waya, zishuke zaidi, shimo liwe pana, na ziwe na mhimili wa kuegemea. Watu wanachimba nguzo zote sawa halafu baada ya mvua moja kona inaanza kuinama kama inamsalimia mwenye nyumba na lawama zinaenda kwa waya.

"Faida yake ni kuokoa muda"

Muda unaokoa, ila hela kubwa iko kwingine na hakuna anayeisema. Iko kwenye zege. Kibarua mwenye jembe na chepe hawezi kuchimba shimo jembamba, anahitaji nafasi ya kuzungusha chepe, anakuchimbia sentimita 40 kwa 40 na kina 60. Hilo shimo lina lita 96. Biti ya sentimita 20 kwa kina kilekile inatoa lita 19 hivi. Nguzo ya zege ya sentimita 10 kwa 10 inachukua lita 6 mle ndani, kwa hiyo upande mmoja unajaza lita 90 na upande wa pili 13.

Sasa chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, mzunguko mita 100, nguzo kila mita 2.5, una nguzo 40. Mashimo ya chepe yanataka mita za ujazo 3.6 za zege, ya mashine nusu mita na kidogo. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, ambao unakula mifuko sita na kitu ya saruji kwa mita moja ya ujazo, ni mifuko kama 23 dhidi ya mifuko isiyofika minne. Bado kokoto, mchanga na maji ya kununua kwa boza. Najua mafundi wengi hawajazi zege mpaka juu, na kona lazima uzipanue, lakini hata ukipunguza nusu bado tofauti unaiona.

Kwa haki, wazee waliozoea mtalimbo na kopo wanachimba shimo jembamba safi kabisa bila mashine yoyote, anagonga na mtalimbo anachota udongo na kopo la maziwa lililofungwa kwenye fito. Ukimpata wa hivyo kwa kiwanja kimoja, mlipe vizuri na mashine usiitafute. Na hilo kopo lihifadhi hata ukiwa na mashine, maana biti inaacha udongo tifutifu chini ya shimo, usipoutoa na kushindilia nguzo inakalia sponji.

"Chini hakuna kitu, hapa pori tupu"

Pori la Dar lina mabomba ya plastiki ya maji yaliyozikwa juu juu, nyaya za intaneti, wakati mwingine kebo ya umeme, na mashimo ya choo ya zamani yaliyofukiwa na mwenye eneo wa kwanza. Mashine kuwa ya betri haikukingi na kebo ya TANESCO iliyo chini. Uliza DAWASA, uliza TANESCO, uliza mjumbe, na zaidi ya wote muulize jirani aliyekaa muda mrefu maana ndo anajua nani alipitisha bomba lake wapi. Ukiwa na wasiwasi chimba sentimita 50 za kwanza kwa mkono taratibu. Na kwenye kona ya kiwanja chungeni bikoni, hiyo ni alama ya upimaji, kuing'oa ni kosa kisheria achilia mbali ugomvi.

"Nitaagiza kwa ndugu yangu Marekani, ni rahisi"

Mashine itafika salama, shida ni chaja. Kule umeme ni volti 120, Japani 100, sisi 230. Geuza chaja usome kibandiko sehemu ya INPUT, ikiwa imeandikwa 100-240 chomeka bila wasiwasi, ikiwa 120 tu basi unahitaji transfoma, na kile kiplagi cha kubadilishia miguu wanachouza barabarani siyo transfoma, kinabadilisha umbo la miguu tu na chaja inaungua palepale. Mwambie ndugu yako akupigie picha ya hicho kibandiko kabla hajalipa.