Mchungaji hakuwa mwenye kauli ya mwisho

Wengi hudhani kwamba katika makanisa ya Kibaptisti ya mashambani kusini mwa Marekani, karne ya 19, mchungaji alihubiri kila Jumapili na kumfukuza amtakaye. Si kweli.

Makanisa mengi ya Kentucky na Georgia yalikutana wikiendi moja tu kwa mwezi. Mchungaji mara nyingi alikuwa mkulima kama waumini wake, na Jumapili nyingine alipanda farasi kwenda kuhudumia makanisa mengine.

Uamuzi ulikuwa wa washirika. Jumamosi walifanya kikao, wakaulizwa kama kuna amani kati yao, na mashauri yakaanza: fulani amelewa, mwingine amecheza dansi, ndugu wawili wanagombania deni. Karani aliandika yote daftarini. Wawili watatu walitumwa wakamwone mhusika. Akitubu alisamehewa, akikaidi alitengwa kwa kura. Mchungaji naye aliitwa kwa kura, na kwa kura aliweza kuondolewa.

Lakini tusiwapambe. Watumwa walibatizwa na kuandikwa washirika, ila walikaa nyuma au roshani, na kwa kawaida hawakuwa na sauti. Kanisa lililomhoji mtu kwa ulevi mara nyingi halikumhoji aliyeuza binadamu mwenzake, na hilo linauma. Mwaka 1845, huko Augusta, Georgia, Wabaptisti wa kusini walijitenga na wenzao wa kaskazini wakitetea wenye watumwa waruhusiwe kuwa wamisionari. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha 1865, Wamarekani weusi walitoka kwa wingi wakaanzisha makanisa yao, na wachungaji wakawachagua wenyewe.