Cheni kuisha: maana yake, na kwa nini sproketi hubadilishwa pamoja nayo

Cheni ya bodaboda ikianza kupigapiga, vijana wa vijiweni, iwe Uyole kule Mbeya au Ipogolo kule Iringa, hulegeza nati ya ekseli, hurudisha tairi nyuma kidogo, hukaza na kuendelea na kazi. Kwa cheni iliyolegea tu, hiyo ndiyo dawa. Ila kukaza hakurudishi chuma kilicholika. Cheni inaweza kukazika vizuri kabisa na bado ikawa imekwisha.

Tunazoea kusema cheni imevutika. Kinachotokea hasa ni kusagika. Ndani ya kila kiungo kuna pini inayojizungusha kwenye bushi yake, yaani kibomba kidogo kinachoizunguka. Vumbi na matope yakipenya humo, pini na bushi vinalana kidogo kidogo. Kwa kiungo kimoja huoni kitu, lakini cheni ina viungo zaidi ya mia, na nafasi hizo ndogo zikijumlishwa cheni nzima inarefuka. Meno ya sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, yamechongwa kwa nafasi ya cheni mpya. Cheni iliyorefuka haikai tena chini kati ya meno, inapanda juu na kuyasukuma kwenye ncha. Jino linalika upande mmoja, linapinda kama ndoana. Ukifikia hapo, cheni inaanza kuruka meno, na itachagua kuruka ukiwa na mzigo katikati ya mlima.

Kupima hakuhitaji fundi. Pikipiki nyingi za kubebea abiria hutumia cheni ya 428, na namba hiyo imegongwa ubavuni mwa viungo. H ikifuata, maana yake bamba za pembeni ni nene zaidi. Kwa 428, kutoka pini moja hadi inayofuata ni milimita 12.7. Vuta cheni inyooke, weka rula, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Cheni mpya itakupa milimita 254. Ikifika 259, badilisha.

Huna rula? Shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute kwa vidole kuelekea nyuma. Ikiachana na sproketi hadi ukaona kama nusu ya jino, imekwisha. Zungusha tairi pia taratibu: cheni inayokaza sehemu moja na kulegea nyingine imelika bila usawa, na hakuna kukaza kutakakoiponya. Alama za kukazia nazo zikifika mwisho, usitafute ushahidi mwingine.

Hapo ndipo mafundi wengine hukata viungo viwili ili tairi lirudi mbele. Mimi siungi mkono. Umefupisha cheni, lakini viungo vilivyobaki ni vilevile vilivyolika, na vinaendelea kula sproketi. Cheni ikikatika kwa mwendo inaweza kujisokota mbele na kupasua kava ya injini, au kulifunga tairi la nyuma.

Cheni mpya juu ya sproketi kuukuu ni hasara ileile kwa njia nyingine, kwa sababu meno yaliyopinda yataila mapema. Sproketi mpya chini ya cheni iliyorefuka nayo haifiki mbali. Nunua seti: cheni, sproketi ndogo ya mbele na sproketi kubwa ya nyuma. Ile ya mbele ndiyo huwahi kulika. Ikiwa na meno 14 na ya nyuma 42, ya mbele huzunguka mara tatu tairi likizunguka mara moja, ila kwa kuwa imefichwa nyuma ya kava, watu huisahau.

Kwetu huku Mbeya muda wa seti hutofautiana sana. Anayepandisha magunia ya viazi ya lumbesa njia ya Isyonje wakati wa mvua hawezi kulinganishwa na anayezunguka lami ya Mwanjelwa. Vumbi la Chunya nalo likichanganyika na grisi nzito linakuwa msasa. Ndiyo maana kuhesabu miezi hakusaidii kama kupima.

Kuna kosa la kukaza kupita kiasi, hasa kwa wapiga mishikaki, wanaobeba abiria zaidi ya mmoja. Abiria wakipanda, shokapu zinabonyea na cheni inazidi kukaza. Ukiikaza pikipiki ikiwa tupu hadi cheni isicheze, mzigo ukiingia itavuta beringi za giaboksi na kujila yenyewe. Kwa pikipiki ndogo, acha icheze kama milimita 20 hadi 30 juu na chini, upande wa chini, katikati ya sproketi mbili, au fuata kitabu chake. Seti mpya ikague tena baada ya siku chache, maana hulegea kidogo inapojiweka sawa.

Mafuta yapake jioni, cheni ikiwa bado ina joto. Oili ya giaboksi namba 90 inafaa. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ni ya bure, lakini ina masizi na vumbi la chuma. Asubuhi futa iliyobaki juu kwa kitambaa: inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani.